Kutoka beki ya kushoto hadi chumba cha fiziotherapia: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Mhusika wa kisa hiki ameridhia kisimuliwe. Jina lake, klabu alizochezea, mtaa anakofanyia kazi na hospitali alikosomea kwa vitendo nimeviondoa, na mambo machache madogo nimeyabadilisha, maana Mombasa ni mji wa watu kujuana. Nitamwita Beki, kwa nafasi aliyoicheza. Kijana anayeingia baadaye nitamwita Winga. Nilikuwa miongoni mwa waliomsimamia Beki wodini, na tangu hapo tumekuwa tukishauriana kuhusu wagonjwa. Mengi ya hapa niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe.

Nawaandikia wachezaji wanaokaribia kutundika daluga na kuifikiria kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, pamoja na wenzangu wa fiziotherapia watakaopokea wanafunzi kama yeye. Watu wa Pwani wanaomjua hukisimulia kisa chake kama habari ya bidii. Bidii ilikuwapo, sikatai. Lakini kila nikikipitia naona jambo jingine likijirudia. Jeraha hutaka muda ili lipone, na ujuzi hutaka muda ili uingie, na muda huo lazima awepo mtu anayeulipia. Alipokuwepo, mambo yalikwenda. Alipokosekana, yaliharibika hata mikononi mwa watu wenye bidii.

Usuli

Beki alicheza ligi kuu ya Kenya kwa miaka mingi, na katikati akaenda msimu mmoja katika nchi ya Ghuba, njia iliyozoeleka kwa vijana wa Pwani wenye kipaji. Alimaliza kidato cha nne kwa wastani wa C+, na biolojia aliipita vizuri. Wakati huo hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Akiwa na miaka 29 alikatika ile kano ya ndani ya goti ambayo wachezaji wote huiita ACL. Alipasuliwa Nairobi, gharama ikalipwa kwa mchango wa klabu, jamaa na mashabiki. Mazoezi ya baada ya upasuaji aliyafanya kwa wiki chache, kisha akabaki kukimbia ufukweni peke yake alfajiri. Mwezi wa sita baada ya upasuaji alirudi uwanjani. Sababu haikuwa ya kitabibu: mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi wa saba, na mchezaji asiyeonekana haongezewi mkataba. Hakuna aliyempima nguvu za paja wala aliyemwambia aruke kwa mguu mmoja. Aliulizwa kama anasikia maumivu, akajibu hapana. Hakupita mwezi kabla ya kuchanika gegedu la goti lilelile. Alijikokota misimu miwili, akaacha akiwa na miaka 31. Ligi yenyewe ilikuwa inayumba, maana mdhamini wake mkuu alijiondoa mwaka 2019 na mishahara katika klabu kadhaa ikawa ya kubahatisha. Alistaafu akidai malimbikizo ya miezi kadhaa. Mke wake alikuwa na kibanda cha nguo Kongowea, na kibanda hicho ndicho kilichoilisha nyumba tangu siku hiyo.

Mfuatano wa matukio

*Mkoba wa timu*

Klabu moja ilimwita mara tu alipoacha kucheza na kumkabidhi mkoba wenye bendeji, dawa ya kupuliza na mafuta ya kuchua, pamoja na ndoo ya barafu. Wachezaji wakaanza kumwita daktari. Watu wengi hawajui kwamba kufanya hivyo ni kuvunja sheria: tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, mtu haruhusiwi kufanya kazi hii Kenya bila kusajiliwa na Baraza la Fiziotherapia na kuwa na leseni. Beki naye hakujua.

Alibeba mkoba huo kwa msimu mmoja. Kilichomtoa ni kifundo cha mguu cha mchezaji mmoja wa kiungo aliyetua vibaya. Beki alikiona kimevimba, akakiita kuteguka, akakiwekea barafu, kesho yake akakichua kwa mafuta, na kuendelea hivyo siku kadhaa huku kijana akiuma meno. Picha ya eksirei ilipopigwa hatimaye, ikaonyesha mfupa umevunjika. Zipo kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, zinazoweza kukaririwa na mtu yeyote wa benchi. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, zile sentimita 6 za chini, pande zote mbili. Ikiwa panauma sana mfupani, au majeruhi hawezi kupiga hatua 4 mwenyewe, apelekwe eksirei. Kijana yule hakuweza kupiga hata hatua 2. Beki hakuwa mzembe, wala hakukosa huruma. Hakuwa na elimu, basi, na mikono yenye huruma bila elimu ilikuwa inasugua mfupa uliovunjika.

Alimwomba msamaha kijana, akarudisha mkoba.

*Darasani*

Mke wake ndiye aliyesema neno la kwanza kuhusu chuo. Zilikuwapo njia mbili. Moja ilikuwa cheti cha wiki chache cha kuchua misuli, ambacho kingempa kazi haraka katika hoteli za ufukwe wa kaskazini. Ya pili ilikuwa stashahada ya miaka mitatu katika chuo cha mafunzo ya tiba. Walikaa wakapiga hesabu: kibanda kingelisha nyumba, karo ingetoka kwa mkopo wa wanafunzi na kwa kuuza pikipiki aliyoinunua enzi za Ghuba, naye angefundisha watoto mpira jioni ili apate nauli. Mama yake aliahidi kukaa na wajukuu.

Mwaka wa kwanza ulimtikisa. Darasa lilijaa vijana wa miaka 19 na 20 waliomwita Ami, kwa heshima na kwa utani. Anatomia ilimwangusha, akapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Tatizo lilikuwa majina. Misuli aliyoijua kwa kuumia nayo, sasa alitakiwa kuijua kwa Kilatini: inaanzia wapi, inaishia wapi, na mshipa gani wa fahamu unaiamrisha. Alipona kwa njia aliyoibuni mwenyewe, ambayo sasa nawapa wanafunzi wengine. Kila msuli aliufungamanisha na tendo la uwanjani. Huu ndio unaomzuia beki asianguke anapogeuka ghafla. Huu ndio uliomchanika nahodha wetu akikimbilia mpira wa mwisho. Sapu aliipita, na somo la jinsi mwili unavyotembea likawa lake kuliko mtu yeyote darasani.

*Wodini*

Nilimpokea katika mafunzo ya vitendo, wodi ya wanaume, ambako wagonjwa wetu wengi ni wa kiharusi. Walimtambua siku hiyohiyo. Wauguzi walipiga naye picha, na ndugu wa wagonjwa walikuja kumsalimia. Katika vitanda vile alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa bandarini, amepooza upande wa kushoto. Alipomwona Beki alichangamka kuliko tulivyowahi kumwona.

Beki akamshika kama kocha anavyoshika mchezaji. "Ami, leo ni hatua kumi. Hakuna kurudi nyuma." Mzee, kwa kutaka kumridhisha nyota wake, alijikaza. Beki alimwinua kwa kumvuta mkono ule uliopooza, akamtembeza, wodi nzima ikapiga makofi. Aliporudi kitandani mzee alikuwa kijivu kwa uchovu.

Wanafunzi wote waujue mkono huo. Bega lenye afya hushikiliwa na misuli inayolizunguka. Kiharusi kikiilegeza, kichwa cha mfupa wa mkono hubaki kikining'inia pale kwa kano na ngozi tu. Ukiuvuta, unaumiza tishu za ndani ya bega, na maumivu yanayofuata yanaweza kukaa miezi na kumfanya mgonjwa akatae mazoezi yote. Ndivyo ilivyotokea. Siku ya pili yake mke wa mzee alimwendea Beki na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, mume wangu hajalala. Bega linamlilia usiku kucha."

Nilimkataza Beki kumshika mgonjwa yule, lakini sikumwondoa kitandani pake. Nilimpa kazi ya kukaa naye na kuandika mzee anataka nini. Beki aliniletea karatasi baadaye, na jibu la mzee alikuwa ameliandika kama lilivyosemwa: "Nataka nijiinue mwenyewe kitandani, niende msalani mke wangu asinishike. Nikiweza nisali nimeketi kitini bila kuanguka. Uwanja nakuachia wewe."

Hapo mpango ulibadilika wote. Bega likategemezwa kwa mto, tukawafundisha ndugu wasiuguse mkono ule wakati wa kumwinua. Mazoezi yakawa ya kugeuka kitandani, kuketi ukingoni, kuhamisha uzito juu ya mguu dhaifu, kusimama kutoka kwenye kiti kirefu, kisha kifupi. Hapakuwa na makofi. Mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa anasimama mwenyewe kwa mkongojo, na bega lilichukua muda mrefu zaidi kutulia kuliko lingechukua. Beki aliendelea kumtembelea baada ya hapo, na bado humtaja kila anapozungumza na wanafunzi.

*Winga*

Baada ya kupata leseni alikaa zaidi ya mwaka katika kazi za kawaida: wodini asubuhi, na jioni chumba kimoja cha tiba alichokodi kisiwani pamoja na mtaalamu mwenzake wa kike. Klabu zilimwita, akazikatalia. Ya kwanza aliyoikubalia ilikuwa na mchezaji wa miaka 19 aliyetoka kupasuliwa ACL. Unaweza kufikiri kijana yule alichaguliwa makusudi kuja kumjaribu.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri: uvimbe ukashuka, goti likanyooka kabisa, paja likaanza kujaa. Mwezi wa sita Winga alikuwa anakimbia bila kuchechemea, na klabu ilikuwa na mechi za kuamua msimu. Wakala naye alishaanza kutaja Ghuba. Kocha alimwita Beki pembeni: "Kaka, wewe mwenyewe ulicheza na goti bovu. Huyu mbona asiweze? Hata hasikii maumivu."

Beki alirudi kwenye vipimo. Hatuna mashine ya kisasa ya kupima nguvu za goti katika chumba kile, hivyo alitumia mashine ya kunyoosha mguu katika jimu ya karibu, mguu mmoja mmoja. Mguu uliopasuliwa ulifikia 72% ya mwenzake. Kisha akamrukisha kwa mguu mmoja, mara moja, mara tatu mfululizo, na kwa kuvuka mstari huku na huku. Masafa yalikuwa karibu 80%. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni angalau 90% kabla ya kurudi kwenye mpira wa kugongana. Juu ya hapo kuna suala la muda wenyewe. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena goti kwa takriban nusu. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba kati ya wanamichezo wenye chini ya miaka 25 waliorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne alikatika tena ACL, ama ya goti lilelile ama ya lile zima.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja: vipimo vya siku hiyo, viwango vinavyotakiwa, tarehe ya kupima tena, na mambo ambayo Winga angeruhusiwa kufanya na timu wakati huo, kama pasi, kupiga mipira iliyosimama na mazoezi yasiyo na kugongana. Nakala moja kwa kocha, moja kwa uongozi, moja kwa mama yake Winga. Klabu haikufurahi, lakini barua yenye vipimo ni vigumu kuipinga kwa maneno ya pembeni.

Ukaingia Ramadhani. Watu wa hapa wanayajua mashindano ya usiku ya mwezi huo: taa, umati, uwanja wa murram, na posho kwa kila mechi kwa wale wenye jina. Winga alicheza mechi mbili bila kumwambia mtu. Asubuhi ya tatu goti lilikuwa limejaa maji. Uchunguzi ulionyesha kano haikukatika, lakini walirudi nyuma kwa zaidi ya mwezi.

Beki alikwenda nyumbani kwa kina Winga akiwa na hasira. Mama yake, ambaye huuza viazi karai na mahamri barazani, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Daktari, mwanangu umemhesabia kila hatua anayoruka. Hukuuliza anakula nini." Klabu ilikuwa imesimamisha mshahara wa Winga tangu mwezi wa tatu wa jeraha. Hakumwambia Beki kwa sababu aliona aibu.

Maamuzi na sababu zake

Maamuzi matatu yaliamua kisa hiki, na hakuna hata moja lililokuwa rahisi wakati lilipofanywa.

La kwanza ni chuo badala ya cheti cha wiki chache. Beki asema alichagua kwa sababu ya kile kifundo kilichovunjika. Naamini hivyo, lakini bila kibanda cha Kongowea sababu hiyo isingetosha. Wapo wachezaji wenzake waliokuwa na nia ileile na hawakuwa na mtu wa kuwabebea miaka mitatu.

La pili ni kukataa mpira kwa zaidi ya mwaka baada ya leseni. Watu walimshangaa, maana mpira ndio uliokuwa na jina lake. Yeye alieleza kwamba uwanjani angezungukwa na watu wanaomwambia yale aliyokuwa akiambiwa zamani, na kwamba mikono yake ilikuwa bado haijawa na mazoea ya kutosha kuyapinga. Akataka kwanza kuona migongo ya wapakuaji mizigo, mabega yaliyoganda ya wenye kisukari, waendesha bodaboda waliovunjika mapaja, watoto wenye mtindio wa ubongo. Nadhani hili ndilo lililomfanya kuwa tabibu. Barua ile ya mwezi wa sita haikuandikwa na mchezaji wa zamani. Iliandikwa na mtu aliyekwisha kuzoea kuandika vipimo vya wagonjwa ambao hakuna anayewapigia makofi.

La tatu ni barua yenyewe. Angeweza kumjibu kocha kwa mdomo. Alichagua maandishi kwa sababu alijua jinsi maneno yanavyosahaulika timu ikifungwa mechi mbili.

Matokeo

Baada ya ziara kwa mama Winga, Beki alirudi klabuni na hoja ambayo hakuwa nayo mwanzo. Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake, na mchezaji mwenye mkataba aliumia akiwa kazini. Mfuko wa FIFA unaofidia klabu hauhusiki hapa, kwa kuwa ni wa wanaoumia wakiitumikia timu ya taifa. Alimwelekeza Winga pia kwa chama cha ustawi wa wachezaji wa Kenya, ambako alipewa ushauri wa mkataba. Klabu haikukubali kila kitu. Ilikubali kulipa nusu ya mshahara, na Winga akapewa kazi ya kusaidia timu ya vijana na kuandika takwimu za mechi. Hakurudi tena kwenye mechi za usiku.

Alipimwa tena na kuvuka 90% katika vipimo vyote, akarudi uwanjani mwezi wa kumi na moja, kwanza kwa dakika 15, kisha 30. Ghuba haijampata bado. Goti halijamrudisha hospitali.

Beki sasa ana siku zilizopangwa na klabu mbili. Zote amezifundisha programu ya FIFA ya kupasha mwili ya 11+, inayochukua kama dakika 20 na haihitaji kifaa maalumu, pamoja na lile zoezi la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo na wewe ukijishusha mbele polepole. Zoezi hilo hupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa takriban nusu kwa timu zinazolishikilia. Tatizo ni kulishikilia, kwa kuwa linauma siku za mwanzo na makocha huliruka. Nyumba yake, hata hivyo, hailishwi na wachezaji. Inalishwa na migongo, magoti ya kina mama na kiharusi.

Uchambuzi

Njia aliyoipita si ngeni duniani. Bertie Mee alicheza Uingereza, jeraha likamtoa, akawa mtaalamu wa fiziotherapia, akaja kuwa meneja wa Arsenal iliyotwaa ligi na kombe mwaka 1971. Gary Lewin alikuwa kipa kijana wa klabu hiyohiyo, akaachwa, akasomea fiziotherapia katika hospitali ya Guy's, London, na kurudi Arsenal katika miaka ya 1980 kama mtaalamu wa timu. Wote wawili walisoma kwanza. Nawataja kwa sababu wachezaji wetu hupenda kuambiwa kwamba uzoefu wa uwanjani ni nusu ya kazi. Kwa Beki uzoefu ule ulikuwa na faida halisi, na ulikuwa na sumu yake.

Faida ilikuwa jicho. Humwona mtu akipanda ngazi mbili za baraza na kujua nyonga gani inasaidiwa na ipi inasaidia. Ilikuwa pia kujua uongo wa wachezaji. Akiambiwa "siumwi" hasogei mbele, kwa sababu jibu hilo alilitoa yeye mwenyewe kabla ya gegedu kuchanika. Na jina lake huwaleta wanaume ambao wasingekuja, hasa vijana wa bodaboda wanaoona mazoezi ni mambo ya wagonjwa.

Sumu ilikuwa namna alivyoyatazama maumivu. Miaka yote alifundishwa kwamba maumivu ni mpinzani wa kushindwa, na fundisho hilo alilipeleka mpaka kwenye bega la mzee aliyepooza. Umaarufu uliizidisha: mgonjwa anayekupenda hatakwambia unamwumiza. Nawaomba wasimamizi wenzangu, mkipokea mwanafunzi mwenye jina kubwa, mpeni kwanza wagonjwa wasiomjua, na msiridhike na tabasamu la mgonjwa. Muulizeni aliyelala naye chumba kimoja.

Yapo mengine yaliyofaulu kwa sababu ya kuujua mji. Wagonjwa wengi hapa hudhani matibabu ni kukandwa. Wapo waliomwambia wazi kwamba hawawezi kulipia mazoezi ambayo wangeyafanya nyumbani. Hakuwakejeli. Huanza na mikono kwa dakika chache, kisha mazoezi, na humwonyesha mgonjwa kipimo cha leo na cha wiki iliyopita ili aone analipia nini. Bibi mmoja mkandaji wa mtaani, anayeheshimika sana, alimwendea mwenyewe kumsalimia, na wakakubaliana: mwenye mgongo anayekuja na ganzi sehemu za siri, au aliyeanza kushindwa kuzuia haja, au mguu unaozidi kulegea, asikandwe hata kidogo, akimbizwe hospitali. Kwa akina mama, yule mwenzake wa kike ndiye anayewapokea, na asipokuwepo, mgonjwa huja na mtu wake. Bila mpango huo nusu ya mtaa isingeingia mlangoni.

Kilichokwama kwa Winga ni kikubwa zaidi ya goti. Mpango wa Beki ulikuwa sahihi kwa kila kipimo tunachofundisha chuoni, na ukavunjika kwa sababu ya kitu ambacho chuoni hakuna safu yake kwenye fomu. Inashangaza zaidi kwa kuwa yeye mwenyewe alirudi mapema kwa ajili ya mkataba, na aliweza kusoma kwa sababu mke wake alibeba nyumba. Alipoulizwa mbona hakuliona, alijibu kwamba alikuwa ameamua kumtazama Winga kwa vipimo tu, asije akajiona yeye mwenyewe ndani ya kijana. Tahadhari ile ilikuwa njema. Ilimsaidia kumkatalia kocha kwa haki, bila kulipiza historia yake. Lakini pamoja na hisia zake aliweka kando pia maarifa yake, na yale yalikuwa maarifa ya kweli.

Sasa fomu yake ya siku ya kwanza inauliza nani anamlipa mgonjwa akiwa nje ya kazi, na kwa muda gani. Mpakuaji wa mizigo akijibu kwamba halipwi mtu asipobeba, mpango hupangwa upya: mazoezi machache yanayofanyika kazini, mafundisho ya jinsi ya kuinua gunia kwa wawili, na kurudi kazini nusu siku, badala ya kuandikiwa mapumziko ya wiki tatu ambayo wote wawili wanajua hayatafuatwa. Baadhi ya wenzetu wanaona hiyo ni kazi ya ofisa wa ustawi. Mimi naona ni kazi ya yeyote anayeandika neno "pumzika" kwenye karatasi.

Mkataba wa klabu ya Winga haujapata kifungu cha mshahara wakati wa jeraha. Uongozi umekubali lizungumzwe kabla ya usajili wa msimu ujao, na umemtaka Beki alete makadirio: majeraha ya misimu miwili, siku zilizopotea, na ni kiasi gani kingetumika kama kila aliyeumia angelipwa nusu mpaka vipimo vimruhusu. Anayaandaa.